Mizani ya Bukene

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nawaomba tusafiri kidogo. Tuifuate Reli ya Kati hadi Tabora, pale tuiache njia ya Kigoma, tushike ile ya Mwanza. Reli hiyo ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na moja ya stesheni zake ni Bukene, katika Wilaya ya Nzega. Bukene si mji wa kutajwa sana katika habari. Ni mahali pa mpunga, karanga na pamba, pa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Mimi napajua kwa sababu ndipo alipokuwa bibi yangu mzaa mama, na ndipo tulipokuwa tukipelekwa wakati wa likizo, mimi na mdogo wangu wa kike.

Mwaka 1974 nilikuwa na umri wa miaka 11, na mdogo wangu ana miaka 7. Siku moja bibi alibeba gunia la mchele kichwani kutoka kijijini hadi stesheni, mwendo wa saa mbili na zaidi, apate kulituma kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Tulimfuata nyuma. Mimi nilibeba kuku mmoja, nikalalamika njia nzima. Bibi hakulalamika. Aliweka ngata yake kichwani, akatwishwa gunia, akaenda, shingo imenyooka, mkono mmoja tu ukigusa gunia mara moja moja.

Pale stesheni karani wa vifurushi aliliweka gunia kwenye mizani. Kilo 31. Karani yule alikuwa mtu wa mzaha. Akamwambia, "Mama, panda na wewe tuone nani kambeba mwenzake." Bibi akacheka, akapanda. Kilo 46. Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko, bibi akashuka, na karani akaandika stakabadhi ya gunia. Uzito wa gunia ukaandikwa. Uzito wa aliyelileta haukuandikwa.

Mizani ile imenikaa moyoni miaka yote hii, na ndiyo iliyonileta kwenye mada ya leo. Nataka kuzungumza juu ya wanawake na michezo, lakini si juu ya wanaoshangiliwa uwanjani peke yao. Nataka tuulize ni nani anayewapima, anayeandika, na anayejua mwili wa mwanamke unapata nini unapokimbia, unapobeba na unapochoka. Na tuulize kama kazi hiyo ya kujua inaweza kuwa ajira ya binti zetu.

Tuanze na historia, maana Bukene ina historia yake. Kabla ya reli, safari zote za nchi hizi zilikuwa za miguu. Njia kuu ya misafara ilitoka Pwani, Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Tawi lake moja lilikata kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza. Mwingereza John Speke alipoliona ziwa hilo mwezi Agosti 1858, alikuwa ametoka Tabora kwa kukatisha nchi hizi za kaskazini. Hakubeba mizigo yake. Ilibebwa na wapagazi, na katika kazi hiyo Wanyamwezi walikuwa na jina kuliko watu wengine. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35. Ukizigeuza ziwe kilo, unapata kama 32. Basi gunia la bibi yangu, mwaka 1974, lilikaribia kabisa kuwa mzigo kamili wa msafara.

Shuleni tulifundishwa habari za wapagazi kana kwamba wote walikuwa wanaume. Kwa simulizi za nyumbani, mama yake bibi alikwenda Pwani kwa miguu mara mbili akiwa msichana. Nilipokuwa kijana nililichukulia jambo hilo kama hadithi ya jikoni. Baadaye nilikuja kusoma kazi ya mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye mwaka 2000 alichapisha makala kuhusu wanawake wa misafara katika karne ya 19 huku kwetu, na mwaka 2006 akatoa kitabu kizima kuhusu wapagazi. Anaonyesha kwamba wanawake walikuwamo katika misafara kwa wingi. Wako waliofuatana na waume zao, wakibeba vyungu, mikeka, vyakula na watoto. Wako waliobeba mizigo ya ujira. Wako waliojitafutia riziki njiani kwa kupika na kuuza. Na wako, tusifiche, waliokwenda kwa kulazimishwa, kwa kuwa walikuwa watumwa. Hadithi ya jikoni kumbe ilikuwa historia. Ilikosa tu mtu wa kuiandika.

Sasa nitawaomba tukumbuke mwaka 1928, mwaka reli ilipokamilika kufika Mwanza. Mwaka huohuo kulikuwa na Michezo ya Olimpiki mjini Amsterdam. Kwa mara ya kwanza wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800. Mshindi alikuwa Lina Radke wa Ujerumani. Baada ya mbio ile baadhi ya magazeti yaliandika kwamba wanawake walianguka ovyo, kwamba ilikuwa aibu na hatari. Habari hizo zilitiwa chumvi nyingi mno. Hata hivyo wakubwa wa michezo walizisadiki, mbio hiyo ikaondolewa, na wanawake hawakukimbia tena mita 800 katika Olimpiki hadi mwaka 1960. Marathoni ya wanawake ilichelewa zaidi ya hapo. Iliingia katika Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles.

Fikirini jambo hilo, ndugu wasikilizaji. Pale Bukene mwaka 1928 walikuwapo vikongwe waliokwishatembea mamia ya maili na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Na kule Ulaya mabwana wenye elimu yao walikaa mezani wakaamua kwamba kuzunguka uwanja mara mbili kunamzidi nguvu mwanamke. Hawakuwa wamepima. Walikuwa wamedhani, kisha wakaandika dhana yao kama kanuni.

Kupima kulikuja baadaye, na kulikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya. Aliyetajwa wa kwanza katika orodha ya watafiti ni Profesa Geoffrey Maloiy, Mkenya, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Ulaya na Marekani. Waliwachukua wanawake wachache wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wakawatembeza juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, huku wakipima hewa ya oksijeni waliyoitumia. Walichokiona kiliwashangaza. Mwanamke aliyebeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake hakutumia nguvu zaidi ya alizotumia alipotembea mikono mitupu. Mzigo ulikuwa kama bure. Ulipozidi hapo ndipo mwili ulipoanza kulipa.

Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao walieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, na katika kila hatua nguvu kidogo hupotea. Wanawake wale walipobeba mzigo, mwendo wao ulibadilika kidogo, wakapoteza nguvu chache zaidi. Elimu hiyo hawakuipata darasani. Ilikuwa miguuni mwao tangu utotoni.

Niliposoma habari hizo nilifurahi, nikamkumbuka bibi. Kisha nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Asilimia 20 ya kilo 46 ni kilo 9 na kidogo. Gunia lake lilikuwa kilo 31, yaani zaidi ya theluthi mbili za uzito wake. Sehemu ya bure ilikuwa kama kilo 9. Zile 22 zilizobaki alizilipia mwenyewe, kwa pumzi yake, kwa magoti yake na kwa shingo yake.

Nalisema hili kwa sababu wapo waliouchukua utafiti ule wakautumia vibaya. Walisema mnaona, mwanamke wa Kiafrika kaumbiwa mizigo, haimsumbui. Sivyo ulivyosema utafiti. Mwaka 2010 watafiti wengine, Ray Lloyd na wenzake, waliwapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini. Hawakuona nafuu ya jumla katika kubeba kichwani ukilinganisha na kubeba mgongoni. Waliona kwamba wanawake hutofautiana sana mmoja na mwingine, na kwamba maumivu ya shingo ni shida ya kweli kwa wabebaji wa kichwani. Elimu ndivyo inavyokwenda. Mmoja hupima, mwingine hurudia kupima. Lakini lazima pawepo anayeendelea kuuliza, na aliyebeba mzigo naye aulizwe unamuuma wapi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mdogo wangu.

Mwaka 1983 alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Alikuwa mkimbiaji. Mita 1,500 na mita 3,000 zilikuwa zake. Aliamka kabla ya jua, akakimbia, akaingia darasani, jioni akakimbia tena. Chakula kilikuwa ugali na maharage, na miaka ile mnaikumbuka wenyewe, hata hayo maharage hayakuwa ya kushibisha. Mwalimu wa michezo alikuwa kijana mwema aliyesomea Jiografia. Alipewa michezo kwa sababu ndiye aliyekuwa na umri mdogo kuliko walimu wengine. Alimfundisha kwa moyo wake wote mambo aliyoyajua, na aliyoyajua yalikuwa mawili: kaza mwendo, na usikate tamaa.

Alikonda. Kisha hedhi yake ikakoma. Mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa tano. Naomba radhi kwa kuyataja haya hadharani, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu, tena ameniagiza nisizungukezunguke. Msichana mmoja wa bwenini alijua, akasema. Neno likafika ofisini. Katika nchi yetu miaka ile msichana wa shule akikosa hedhi lilikuwapo jibu moja tu, na jibu hilo lilimfukuzisha shule. Ilikuwa hivyo mpaka Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi kusoma.

Alipelekwa zahanati kupimwa. Hakuwa na mimba. Akarudishwa darasani bila neno. Hakuna aliyemwomba radhi, na hakuna aliyejiuliza swali lililobaki: kama si mimba, basi ni nini? Miezi michache baadaye alianza kuumwa mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto. Akaambiwa avumilie. Akavumilia mpaka akashindwa kukanyaga. Hakukimbia tena. Kilichomwumiza zaidi ya mguu ni minong'ono, ambayo haikwisha mpaka alipomaliza shule.

Mwaka uliofuata, 1984, jarida la madaktari huko Marekani lilichapisha utafiti wa Bi. Barbara Drinkwater na wenzake. Walipima mifupa ya wanariadha wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimekoma kwa mazoezi makali, wakailinganisha na ya wanariadha wenzao wenye hedhi ya kawaida. Mifupa ya uti wa mgongo ya wale wa kwanza ilikuwa imepungua uimara. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walikutana wakayaunganisha mambo matatu yanayofuatana kwa mwanariadha mwanamke: kula kusikotosha mazoezi, hedhi kukoma, na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo mapana zaidi, ikasisitiza kwamba chanzo ni mwili kutumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata, na kwamba hata wanaume yanaweza kuwapata.

Sisemi kwa hakika kwamba ndicho kilichompata mdogo wangu. Mimi si daktari, na hakuna aliyempima. Nasema kwamba swali lilikuwapo mbele ya macho ya watu wazima wengi, na hakuna aliyeweza kuliuliza. Bi. Drinkwater aliuliza. Naye, ndugu wasikilizaji, ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, mwaka 1988. Sidhani kwamba ni bahati tu kwamba alikuwa mwanamke.

Mtasema hayo ni ya zamani. La hasha. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Bi. Emma Cowley walipitia machapisho zaidi ya 5,000 ya sayansi ya michezo na mazoezi, ya miaka 2014 hadi 2020. Kati ya watu wote waliopimwa humo, wanawake walikuwa asilimia 34. Na tafiti zilizowahusu wanawake peke yao zilikuwa asilimia 6 tu. Maana yake ni kwamba kocha anapomwambia binti yako ale hiki, apumzike hivi, ajipashe moto misuli namna hii, aghalabu anampa dawa iliyopimwa kwa kaka yake.

Sasa turudi nyumbani. Je, sisi tumefanya nini?

Kwa upande wa vipaji hatuna cha kuonea haya. Mwaka 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika mjini Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha, wakati Muungano wetu una umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1980 Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala walikimbia katika Olimpiki ya Moscow. Mwaka 2010 Twiga Stars walifuzu fainali za Afrika zilizochezwa Afrika Kusini, na mwezi Julai 2025 wakacheza tena fainali hizo nchini Morocco. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Hao ni wanawake wa nchi hii.

Lakini nyuma ya mchezaji husimama watu wengine, na hapo ndipo penye pengo. Mchukulieni mfano wa netiboli, mchezo ambao karibu kila mama anayenisikiliza aliucheza shuleni. Netiboli ilikuzwa huko Uingereza katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1885 na Bi. Martina Bergman-Österberg, mzaliwa wa Sweden. Chuo kile hakikuwa cha kuchezea mpira tu. Kilikuwa cha kuwafundisha wanawake kazi: elimu ya viungo vya mwili, mazoezi ya kutibu, namna ya kufundisha. Waliohitimu waliajiriwa mashuleni na kulipwa mishahara. Mchezo ulitoka pamoja na taaluma.

Kwetu ulifika mchezo, taaluma ikachelewa njiani. Tuliletewa mpira, pete na mistari ya chokaa. Mwalimu wa kike aliyesomea mwili wa msichana unavyofanya kazi hakuletwa katika kifurushi hicho, na sisi wenyewe hatukumtafuta kwa haraka. Netiboli ikawa jambo la kufurahisha jioni, na msichana aliyependa michezo akaambiwa, "Vizuri, lakini utafanya kazi gani?"

Swali hilo lina majibu, na leo nataka tuyataje kwa sauti. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na lina kazi za utawala zinazohitaji watu waliosoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Tena kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, katika Wilaya ya Kwimba, kinachofundisha makocha na maofisa wa michezo. Mnajua Malya iko wapi? Iko kwenye reli ileile ya bibi yangu. Msichana wa Bukene akifuata reli kuelekea kaskazini, akapita Isaka na Shinyanga, ataikuta Malya kabla ya kufika Mwanza. Chuo hakiko ng'ambo.

Zipo kazi za ukocha na uamuzi. Jonesia Rukyaa wa Kagera amewahi kupuliza filimbi katika pambano la Simba na Yanga, na wanaume 22 wakamtii. Ipo kazi ya tabibu wa viungo, ya muuguzi, ya mtaalamu wa lishe, ya daktari, ya mwandishi wa habari za michezo. Ipo kazi ya mtafiti, ile ya kukaa na mizani na daftari. Na ipo kazi ya uongozi. Mwezi Machi 2025 Kirsty Coventry wa Zimbabwe, aliyekuwa muogeleaji, alichaguliwa kuwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Kutoka mwaka 1928, mabwana walipoamua mita 800 ni nyingi, hadi mwaka huo, ni miaka 97.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina fedha za kuwapima wakimbiaji. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Nakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa muda kwa hoja kwamba yanawaondoa watoto masomoni, kabla ya kurudishwa. Lakini tupime vizuri. Kile ambacho kingemwokoa mdogo wangu mwaka 1983 hakikuwa mashine ya Nairobi. Kilikuwa daftari la shilingi chache, la kuandika uzito, chakula, hedhi na maumivu. Kilikuwa sahani moja zaidi ya chakula kwa mtoto anayekimbia mara mbili kwa siku. Kilikuwa mwalimu mmoja aliyefundishwa kwamba hedhi ikikoma si lazima iwe mimba, na kwamba mfupa unaouma kila siku unataka mapumziko. Mambo matatu. Hakuna hata moja linalopita uwezo wa shule ya kata.

Wala sisemi kazi hiyo ifanywe na wanawake peke yao. Profesa Maloiy ni mwanamume, na swali lake lilikuwa zuri. Yule kijana wa Jiografia naye, angalifundishwa, angalijua. Nasema tu kwamba wasichana wengi watamwambia mwanamke mambo ambayo hawatamwambia mwanamume, na mtafiti asiyeambiwa hana cha kuandika. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na anayeuliza naye anahitaji kuaminiwa na anayeulizwa.

Basi ninyi mnaosoma gazeti hili mjini, ndani ya daladala au mezani kabla ya kazi, nawaachia kazi ndogo. Ukienda shuleni kwa binti yako, usiulize nafasi aliyoshika darasani tu. Uliza nani anawafundisha michezo, amesomea wapi, na kama yupo mwanamke wa kumwendea mtoto akiumwa. Na binti akikwambia anataka kusomea michezo, usimcheke. Mwulize anataka ipi kati ya kazi hizo, kisha mtafutieni pamoja njia ya kuifikia.

Mdogo wangu sasa ni bibi wa wajukuu wanne. Mguu bado humsumbua wakati wa baridi. Kabla ya kuandaa mazungumzo haya nilimpigia simu, nikamsomea sehemu inayomhusu. Alinyamaza kidogo, kisha akanisahihisha. Akasema haikuwa miezi mitano. Ilikuwa saba. Alikuwa akiihesabu kwa kuchora mistari nyuma ya daftari lake la Hisabati, na daftari hilo analo mpaka leo.

Kumbe yeye aliandika. Hakupatikana tu mtu wa kulifungua daftari na kulisoma.